Mama Alipotaka Kukaa Peke Yake

Nyumba yetu iko nyuma ya soko la Rumonge, mji wa kando ya ziwa, katika mtaa tunaouita kartiye ya Waswahili, na mtu ambaye hajawahi kuishi nyuma ya soko asije akaniambia habari za kelele. Asubuhi, hujanawa hata uso, makonvuayeri, makondakta wa bisi, wameshaanza kuita Bujumbura upande huu na Nyanza-Lac upande ule, huku wanapiga bati la gari kana kwamba abiria wote ni viziwi. Fundi wa kuchomelea milango anawasha mashine yake. Msikiti una kipaza sauti, kanisa lina chake, na baa iliyo katikati haitaki kushindwa na yeyote. Mimi mwenyewe ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo na mimi nimo. Silalamiki. Nimezaliwa humo, na nikilala mahali pakimya usingizi hauji.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa sehemu kubwa ya kelele hizo. Aliuza mawese sokoni miaka mingi, mafuta ya rangi ile nyekundu iliyoiva, ndani ya bidoni, madumu ya plastiki, alizozipanga mbele yake, na sauti yake ilivuka barabara bila kuangalia magari. Nikiwa barazani niliweza kujua kutoka mbali nani ananunua, nani anaomba apunguziwe, na nani amethubutu kusema mafuta yana maji. Huyo wa mwisho nilimhurumia. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache mno, na watu walikuwa wakisema siku Mungu alipogawa maneno, mama alipokea na fungu la mume wake. Baba akisikia hivyo anatabasamu tu, anaendelea kuchonga.

Kwetu mtu hakai peke yake. Sijui kama ni Rumonge nzima au ni kartiye yetu tu, lakini ukijifungia chumbani mchana, wa kwanza atakuja kukuuliza kama unaumwa. Ukisema hapana, wa pili atakuja kuuliza nani amekuudhi. Ukisema hakuna, hapo ndipo wanapoanza kuogopa kweli, na jioni utakuta mkeka umetandikwa kando yako na shangazi zako watatu wamekuja kukuchangamsha. Na mzazi mzee kuachwa peke yake, hilo ni aibu kwa watoto wake wote. Nimekulia katika huruma ya namna hiyo na ninaiheshimu, ingawa kuna siku nilitamani kuipiga teke.

Baba alikufa ghafla, asubuhi, akiwa anajiandaa kwenda kazini. Tukamzika siku hiyo hiyo, na mama akaingia eda. Wifi yangu, tuliyekuwa tunaishi naye pale nyumbani, akachukua meza ya mawese sokoni, na mama akawekwa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Amevaa nguo nyeupe, hana manukato, hana safari. Sote tulimwonea huruma kwa ajili ya kukaa bure, maana mwanamke yule hakuwahi kukaa bure tangu nimfahamu.

Basi wanawake wakaja. Wakaja na mikeka, na thermosi za chai, na sambusa, na vilio. Wiki za kwanza nilishukuru, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijiwezi. Lakini pole zilipokwisha hawakuondoka. Walikaa mchana kutwa wakisimulia waume zao waliokufa, waume zao wazima waliokuwa heri wangekufa, presha, sukari, bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mama alikuwa anaitikia. Halafu nikaona anaitikia kwa kichwa. Halafu nikaona haitikii kabisa, anatazama ukuta wa jirani kupitia lile dirisha.

Siku moja naingia na chai, nakuta chumba kimetulia. Mama ameshika tasbihi, macho kayafumba, midomo inacheza. Wale wanawake wameshusha sauti, wanatazamana, maana mtu akiwa katika uradi humkatishi. Mmoja akainuka taratibu, akafuatwa na mwenzake, wakatoka wote wakiwa wameshika viatu mkononi. Mama akafungua jicho moja. Alipoona mlango umefungwa, akaiweka tasbihi gotini, akashusha pumzi ndefu, akanyoosha miguu yake kama mtu aliyefika kutoka mbali.

Nilibaki na sinia mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kwamba anayo:

"Wewe nyamaza. Sikukuwa nasali. Kila nikianza kumukumbuka baba yako, mutu anaingia kunipa pole."

Sikujua nicheke au nilie. Niliweka chai chini, nikatoka, nikavuta cherehani yangu karibu na mlango wa ukumbi. Tangu siku ile nikawa mlinzi. Mgeni akija namwambia mama yuko kwenye uradi, apumzike kidogo barazani. Wengi walipumzika kidogo, wakaenda zao. Ndani, mama alikuwa na saa zake za mchana, yeye na ukuta wake na mume wake. Akitoka kutawadha namwona uso umelainika. Chakula kikarudi kumwingia. Nilijisifu moyoni kwamba nimemtengenezea mama kitu ambacho hakuna mtoto mwingine wa kartiye ile amewahi kumtengenezea mzazi wake.

Lakini kartiye yetu si ya kuacha kitu kikae. Habari zikaanza kutembea kwamba mjane wa fundi wa mitumbwi ameshushiwa nuru. Mwanamke aliyekuwa anapigia watu kelele juu ya mawese, leo tasbihi haimtoki mkononi, hizo ni kazi za nani kama si za Mungu? Wa kwanza kuleta haja alikuwa jirani yetu wa mkono wa kushoto. Huyu ni Mkristo, wa wale waliorudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi tunaona haya kufungua mdomo mbele yake. Alikuja amefunga kitambaa kichwani kwa heshima, akaomba aingie. Akamwambia mama kwamba binti yake ameolewa muda mrefu na hajapata mtoto, na kwamba Mungu ni mmoja, kwa hiyo anaomba amkumbuke katika sala zake. Mama angesema nini? Alisema inshallah. Jirani akashukuru kwa Kirundi, murakoze, akambusu mkono, akaondoka akilia.

Kwa bahati mbaya, naomba Mungu anisamehe kusema hivyo, binti akapata mimba.

Raha ya mama ikawa imekwisha. Walikuja wenye kesi za mashamba, wenye watoto waliokataa shule, wenye waume waliovuka kwenda Kongo wakasahau kurudi. Wanawake wa Bugarama walishuka na ndizi kichwani. Mmoja alitoka Kabezi kwa bisi, akashuka mbele ya mlango wetu akauliza iko wapi nyumba ya mama anayeombea watu, na konvuayeri akamwonyesha kwa kidole bila kufikiri. Mama alinung'unika kwangu kwamba sasa anasali kuliko imamu. Ilimbidi asali kweli, kwa sababu alimwogopa Mungu na hakutaka kubeba haja za watu halafu azitupe. Nilimwambia akatae. Akanitazama, akauliza mtu anakataaje dua. Hata mimi nisingeweza.

Eda ikaisha. Tukamwogesha, tukamvika nguo mpya, tukamtia udi, akatoka. Sote tulisubiri ile sauti irudi sokoni. Alirudi mezani kwake, akapima mafuta, akarudisha bidoni mahali pake, na mchana akakunja kitambaa chake akaja nyumbani. Wateja wakamwuliza wifi yangu kama mama anaumwa. Hapo kaka yangu mkubwa akapata habari.

Kaka anaishi Bujumbura, Buyenzi, anauza vipuri vya magari, na anampenda mama kwa mapenzi ya mtu anayekaa mbali, yale yenye haraka. Alikuja Ijumaa moja, akamkuta mama amekaa kitandani, hafanyi kitu, hasemi na mtu. Nilimwona kaka machozi yanamlengalenga. Akatuita barazani, mimi na wifi, akatusema vibaya. Mama ana upweke, na sisi tupo hapa hapa tunamwangalia! Nilijaribu kumweleza. Nilisema labda mama anapenda kukaa hivyo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mama yake anapenda njaa.

Juma lililofuata akarudi na televizyo. Kubwa, ilikuwa ndani ya boksi juu ya bisi, imefungwa kamba, na njia nzima kutoka Bujumbura alikuwa anachungulia dirishani kama bado ipo. Akaitundika mwenyewe chumbani kwa mama, juu ya ukuta unaokabili kitanda. Akaweka na dishi. Alipoiwasha, jasho likimtoka, alimgeukia mama kwa furaha ya mtoto aliyeleta matokeo mazuri shuleni. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia asante mwanangu, Mungu akuzidishie. Alimaanisha. Ndiyo sababu hakuweza kuizima.

Kuanzia hapo chumba kilikwisha. Waliokuja kwa dua walibaki kwa ajili ya tamthilia. Watoto wa jirani walijaa sakafuni. Mwanamke mmoja aliniuliza mlangoni, bila haya, kama mama amemaliza uradi maana kipindi kinakaribia kuanza. Nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Halafu siku moja, baada ya laasiri, mama hakuwepo.

Chumbani watu wanatazama televizyo, na kitanda chake kiko wazi, na hakuna hata mmoja aliyeona ametoka saa ngapi. Nilikwenda sokoni, wifi hajamwona. Nikaenda kwa jirani, hayuko. Nikaenda msikitini upande wa wanawake, nikakuta mikeka tu. Nikasimama katikati ya barabara, bisi zinanipigia honi, na wazo moja likaniingia ambalo sikutaka kulitazama usoni. Mjane aliyenyamaza miezi mingi, na ziwa liko pale chini. Nikaanza kukimbia. Kiatu kimoja kilikatika, nikakiacha.

Lazima nieleze kitu hapa kwa ambaye si wa kwetu. Ndagala huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, samaki wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga, na taa ya mvuvi haiwavuti tena. Kwa hiyo siku za mwezi mitumbwi inavutwa nchi kavu, na wavuvi wanalala. Ule uwanja wa kuanikia ndagala, ambao siku nyingine huwezi kupita bila kugombana na mtu, unabaki na vichanja vitupu na kunguru waliokata tamaa. Hakuna wanawake wa kugeuza samaki, hakuna wachuuzi, hakuna pikipiki. Hakuna kitu cha kumpeleka mtu pale, na kwa hiyo hakuna anayekwenda.

Mama alikuwa pale. Alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa kifudifudi, katikati ya vichanja, ameelekea majini. Ziwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, bluu. Mikono yake iko mapajani. Wala hakuwa na tasbihi, maana hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Nilipomwona mzima, hofu yote ikageuka hasira. Nilimfokea mama yangu mzazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla yake wala baada. Nilisema nimezunguka mji mzima, nimekimbia na kiatu kimoja, nimefikiri mambo ambayo mtoto hapaswi kuyafikiria. Akanisikiliza. Halafu nikasema lile lililokuwa chini ya yote:

"Mama, umetuchoka?"

Nilitaka aseme hapana, aninyooshee mkono, anisogezee nafasi kwenye lile beseni. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, na nilisimama pale nikingoja mkono wa mama.

"Rudi nyumbani," akasema. "Magharibi utanikuta."

Nikarudi. Nililia njia nzima, nimejifunika mtandio watu wasione. Niliumia, sitaficha. Mimi ndiye niliyekuwa nikifukuza watu kwa ajili yake, na siku nimemfuata mwenyewe nikafukuzwa kama wale wa tamthilia. Magharibi alikuja kama alivyosema, akauliza kama kuna maji ya kutawadha. Hatukulizungumza tena.

Kila siku za mwezi mkubwa ziliporudi, mama alijifunga kanga yake baada ya laasiri akatoka. Watu wakiuliza, nilisema amekwenda kumwona mgonjwa. Kaka akipiga simu, nilisema yuko na wenzake, wanacheka, na kaka anafurahi. Nilidanganya kwa miaka, na nilidanganya vizuri. Siku moja tu nilikumbuka kwamba siku za mwezi ndizo baba alizokuwa anatengeneza mitumbwi pale, maana ndipo inapokuwa nchi kavu, na mama alikuwa anafunga meza yake mchana kumpelekea chakula. Nilikuwa mdogo, nilienda naye mara chache. Baba alikula, mama alikaa kando yake, na yule yule mama mwenye sauti ya sokoni hakuwa akisema hata neno. Nikiwa mtoto nilidhani wamegombana. Kumbukumbu hiyo ilinipunguzia uchungu, lakini haikuuondoa. Alikuwa na mahali pake na mtu wake, na mimi sikuwa nimealikwa.

Kisha ziwa likapanda. Kila mtu wa pwani yetu anajua miaka hiyo. Maji yalikuja polepole, yakachukua mchanga, yakachukua miguu ya vichanja, yakaingia katika nyumba za chini, na watu wakahama na magodoro vichwani. Uwanja wa ndagala ukawa ziwa. Mama alikwenda kutazama mara moja, akarudi mapema, akavua viatu vilivyolowa, akakaa mbele ya televizyo pamoja na wengine. Hakulalamika. Lakini alizeeka mwaka ule kuliko miaka yote ya nyuma. Kaka alitaka kumhamishia Buyenzi, akakataa kwa kutikisa kichwa.

Alipolala kitandani moja kwa moja, nyumba ilijaa. Kwa kuuguza, kartiye yetu haina mpinzani, na niseme ukweli, bila wao ningeanguka. Walimgeuza, walimwosha, walimpikia uji wa kila aina. Jirani wa kushoto alikuja na mjukuu wake, yule aliyepatikana kwa dua za mama, mtoto mkubwa sasa, akamweka karibu na mto ili mama amwone. Kaka alikuwa amekaa miguuni mwa kitanda, anamkanda nyayo. Wengine walisimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Yasini ilisomwa, watu walilia, simu ziliita, na kila anayeingia alimwuliza mama kama anamtambua.

Alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Akafungua macho, akatuzungushia macho sote, akasema kwa ile sauti ya chini kwamba anaomba tumpishe kidogo. Watu wakadhani anataka kusali. Wakainuka mmoja mmoja, kwa adabu, na kaka akatoka wa mwisho wao, anajifuta uso kwa mkono wa shati. Nikazima televizyo. Nikakusanya vikombe, nikamrekebishia shuka, nikawa nakwenda mlangoni kama nilivyozoea, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kukaa upande wa nje.

"Unaenda wapi?"

Nikamwambia natoka, mama, nikuache utulie.

"Wewe baki," akasema.

Nikaweka vikombe chini.